Seta na mpigaji wasiosemeshana: kile voliboli ya high school ilinifunza hapa Malaba

Wakuu, nawasalimu kutoka Malaba, ofisini kando ya foleni ya malori isiyosonga.

Ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu huku mpakani tunajuana wote.

Jana nilisoma uzi wa mzazi mmoja humu anayetaka kumtoa binti yake kwenye team ya voliboli eti inampotezea muda wa kusoma. Nikashindwa kutulia. Nikaandika reply nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Basi nimeona heri nifungue uzi wangu.

Mimi ni clearing agent, nashughulikia makaratasi ya mizigo inayovuka mpaka. Kazi yangu kubwa ni kungoja, na kungoja ndicho kitu nisichokiweza tangu utotoni. Hata sasa mguu wangu unatikisa meza, na jamaa tunayeshiriki naye ofisi amenikazia macho.

Shuleni nilikuwa seta. Kwa wasioujua mchezo, seta ni yule anayeugusa mpira mara ya pili. Mwenzake anapokea serve, seta anauinua kwa vidole karibu na wavu, kisha mpigaji anaruka na kupiga smashi. Anayepiga ndiye anayeshangiliwa, seta hakuna anayemkumbuka.

Huruhusiwi kuushika mpira. Ukifika tu mikononi, uachie. Kwa mtu wa mchecheto kama mimi, huo ulikuwa mchezo wangu kabisa.

Mpigaji wetu mkali aliitwa Amoding. Mrefu, mkono mzito, maneno machache. Tulikuwa darasa moja, na mama zetu waliuza ndizi pamoja karibu na mahali malori yanapoegeshwa.

Mama yangu ni Mluhya wa Marachi, wake ni Mteso wa upande wa Kocholia. Kila asubuhi mama yangu alimsalimia mwenzake kwa Kiteso, "Yoga," na mama Amoding anajibu kwa Kiluhya, "Mulembe." Walikuwa na mchezo huo hata kabla sisi hatujaanza shule.

Halafu barabara ikapanuliwa. Wauzaji wakaondolewa kando ya lami, na mama zetu wakajikuta wanang'ang'ania veranda moja ya duka. Kila mmoja alidai ndiye aliyemwomba mwenye duka kwanza. Siku moja wakarushiana maneno mbele ya madereva, wakatukanana mpaka wakafika kwenye ukoo wa kila mmoja. Kuanzia hapo wakauza bega kwa bega, kila mtu amempa mwenzake mgongo, na salamu zikaisha.

Sisi nasi tukafuata. Hakuna aliyetutuma, wakuu. Nadhani nilihisi nikimwongelesha Amoding nitakuwa nimemsaliti mama, na yeye alihisi vivyo hivyo kwake.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa CRE, somo la dini, tulimwita Madam tu. Aliona kila kitu na hakuuliza chochote. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata mvua ikinyesha: kila pointi ikiisha, tumeipata au tumeipoteza, wote sita tukutane katikati ya uwanja tugusane mikono. Ukikwepa mkono wa mtu, unazunguka shule mbio.

Kwa hivyo mimi na Amoding tuligusana mikono kila siku ya Mungu, kila mtu akiangalia pembeni. Inakera sana kumgusa mtu uliyemnunia. Jaribuni mtaniambia.

Sasa shida ilikuwa hapa. Mpigaji kwa kawaida anaita mpira. Anapaza sauti ili seta ajue yuko tayari. Amoding hakutaka kuniita, ingebidi ataje jina langu. Basi akaamua anaruka tu. Kuna mpira tunaita quick, ambapo mpigaji anaruka kabla seta hajaachilia, mpira unamkuta huko juu. Alianza kuruka hivyo bila neno, na mimi nilitakiwa nimwone kwa pembe ya jicho.

Siku za kwanza ilikuwa aibu. Mpira unamgonga kichwani, unaanguka nyuma yake, mwingine unaenda kwa mbuzi wa mwalimu mkuu. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Halafu polepole ikaanza kukubali. Sijui niseme vipi. Mguu wake ukianza tu, vidole vyangu vinajua.

Timu nyingine zilikuwa zinasikiliza nani anaita mpira ndipo zipange bloku, ile mikono ya kumzuia mpigaji wavuni. Kwetu hawakusikia kitu. Tulipocheza na shule ya Nambale, kocha wao alimfuata Madam akimuuliza tunatumia ishara gani. Madam akamwambia hiyo ni siri ya team. Kumbe siri yenyewe ilikuwa kisirani cha ndizi.

Ngojeni, kuna dereva ananiita.

Nimerudi. Hatujasonga hata hatua moja.

Tukafika final ya county pale Busia mjini. Atakayeshinda anaenda regional. Shule yetu haikuwa imewahi kufika huko, na mimi muhula mzima sikuwaza kitu kingine. Nilikuwa natafuna kola ya jezi mpaka ikachanika. Nililitaka basi la kwenda regional kuliko nilivyotaka kupita mtihani, na mzazi wa ule uzi mwingine anisamehe kwa kusema hivyo.

Mama zetu wote wawili walikuja. Mmoja akakaa upande huu wa uwanja, mwingine ule.

Mechi ikaenda mpaka seti ya mwisho. Wapinzani wetu walikuwa wamebakisha pointi moja tu wamalize. Na shida ni kwamba walikuwa wameanza kumsoma Amoding. Mipira miwili mfululizo niliyompa ilikutana na mikono yao ikarudi chini kwetu. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, na ndani ya zile kelele nikasikia sauti ya mama yangu ikitaja jina langu, ikisema nimpe mwingine, huyo niachane naye.

Serve ikaja. Ikapokelewa vizuri, ikanifikia juu, safi. Upande wa kushoto captain wetu alikuwa wazi, mkono juu, ananiita kwa nguvu.

Na kwa pembe ya jicho nikamwona Amoding. Hajaniita. Tayari yuko hewani.

Nikampa yeye.

Alipiga vizuri. Mpira ukapita bloku, ukashuka kwa kasi, ukaanguka nje ya mstari kidogo tu. Kibendera kikainuliwa. Mechi ikaisha hapo, na regional ikaenda na wengine.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Wale wengine wanaimba, wetu wanalia, Madam anakunja wavu wa mipira bila kuangalia mtu. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilipoinua kichwa, Amoding alikuwa amesimama katikati ya uwanja peke yake, ametoa mkono. Mechi imeisha, hakuna wa kumkimbiza kuzunguka shule. Nikainuka nikaenda.

"Ulinipa mzuri," akasema. "Ni mimi nimeukosa."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu ugomvi uanze. Nililia kama mtoto, na sioni haya kuyaandika.

Jioni tukitoka stage kwenda nyumbani, mama alivumilia kidogo, kisha akashindwa.

"Kwani hukuona captain ako wazi?"

"Nilimwona."

"Na bado ukampea mtoto wa yule mama?"

"Mama, alikuwa ameshapaa."

Akavuta leso yake mabegani. Akaongeza mwendo, nikamfuata mpaka mlangoni.

Wakuu, watu husema michezo inafundisha nidhamu, sijui umoja. Sawa. Mimi ilinifunza kitu kidogo zaidi: kwamba si lazima upatane na mtu ndipo umfanyie kazi vizuri. Unaweza kuanza na kazi. Mpatane baadaye, au msipatane. Ila mwenzako akisharuka kwa sababu yako, huna ruhusa ya kumwacha huko juu. Huyu jamaa wa ofisi aliyenikazia macho hatusemeshani wiki nzima hii, na bado makaratasi yake nimeyapeleka counter pamoja na yangu.

Nimalizie na mama.

Kesho yake asubuhi nilimsaidia kubeba ndizi mpaka kwa veranda. Mama Amoding alikuwa amefika tayari, ametupa mgongo kama kawaida. Mama akatandika gunia, akapanga vichana vyake, akavipangua, akavipanga tena. Halafu bila kuinua macho akasema, "Yoga."

Mama Amoding hakujibu siku hiyo. Mama akauza ndizi zake mpaka zikaisha.

Kesho yake akamsalimia tena. Ndipo ikatoka ile "Mulembe", kavu, huku amegeukia barabara.

Mzazi wa ule uzi, uamuzi ni wako. Na ninyi wengine, nani ameshawahi kuruka kabla ya kujua kama mpira utakuja? Ulikuja? Tiririkeni hapa chini, mimi bado nangoja foleni na mguu bado unatikisa meza.