Hodi Jikoni kwa Mwanasha

Siku Romani alipomwona Likwata kwa mara ya kwanza, Likwata alikuwa amepakata mota. Alikaa juu ya mkokoteni katikati ya barabara ya mchanga, hapo Lindi mjini, mota ya pampu ya maji imefungwa kanga mapajani kama mtoto anayetolewa kliniki, naye anamgombeza msukumaji apite mbali na mashimo. Kiwanda cha korosho alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Wenzake walirudi makwao na magodoro na baiskeli. Yeye alirudi na hicho chuma.

"Wewe mwenye koleo, ndiye fundi umeme?" aliuliza.

"Ndiyo," alijibu Romani.

"Kabila gani?"

"Mmwera."

Likwata alicheka mpaka akakohoa. "Basi nimepata wa kunitengenezea na wa kunizika. Mimi Mmakonde, mtani wako. Haya, twende kwa mke wangu ukanitafutie umeme."

Romani alimfuata. Alikuwa mtu wa haya. Shule aliishia ya msingi, na kazi ya umeme aliipata kwa kumshikia fundi mwingine ngazi mpaka fundi yule alipozeeka. Mwenyewe alikuwa mtu mzima sasa, amechoka kuingia nyumba za watu, kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na msumari mahali pa fyuzi.

Nyumba ilikuwa ya Mwanasha, mke wa Likwata, aliyoachiwa na mjomba wake. Kwa desturi yao mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo hapakuwa na ajabu, ila majirani hawakosi la kusema. Waya za taa zilikuwa nyembamba na zimechoka. Lakini jikoni, ukutani, Romani aliona swichi kubwa yenye tundu la plagi pembeni. Zamani mwenye nyumba alipikia jiko la umeme. Jiko lilikwisha kitambo, waya wake mnene ukabaki ndani ya ukuta, na sasa ulilisha friji moja tu. Mwanasha alikuwa akigandisha barafu za vifuko na kuziuza.

"Huo huo," alisema Likwata. "Unauvuta mpaka bandani uani, mota hii izungushe mashine yangu ya kukerezea, nami nakereza miguu ya vitanda. Waya mpya siuwezi."

Romani alifungua swichi, akaushika waya kwa ncha za vidole. Shaba yake ilikuwa nzuri. Mpira wake ulikuwa umekauka kama ganda la muhogo.

"Ukiukunja unapasuka," alisema. "Tuuache ulale ukutani kama ulivyolala. Nitaungia hapa hapa jikoni, nipeleke waya mfupi bandani. Ila nitaweka fyuzi ndogo. Waya huu mzee, usibebeshwe mzigo wa ujana. Friji na mashine visile pamoja."

"Nitajuaje friji linakula, nami niko uani?"

Romani alifikiri. "Piga hodi," alisema.

Ikawa hivyo. Alichimbia nyuma ya banda chuma cha ethi, cha kupeleka ardhini umeme uliopotea, akaunga, na tangu siku hiyo kila Likwata alipotaka kuwasha mashine alisimama mlangoni mwa banda na kuita, "Hodi jikoni!" Mwanasha alizima friji, akajibu kwa jina la mtoto wao, "Karibu, Baba Moza!" Ndipo mota ilipovuma. Barafu zikianza kulegea, zamu iligeuka: Mwanasha aligonga sufuria kwa mwiko, na mashine ikanyamaza.

Miguu ile ya vitanda ilipendwa. Watu waliifuata hata kutoka Tingi na Somanga, mbali huko Kilwa. Lakini mtaa ulipata cha kuchekea, na wa kwanza alikuwa Bakary, muuza mkaa wa jirani.

"Likwata! Mwanamume mzima unapiga hodi nyumbani kwako?"

"Si kwangu, kwa mke wangu. Wewe kwako huingii hata ukipiga."

Watu walicheka, naye Likwata alicheka pamoja nao. Romani akipita, Likwata alimtaja yeye: "Huyu Mmwera ndiye aliyeniozesha upya! Nilikuwa mume, kanifanya mgeni!" Romani aliinamisha kichwa na kutabasamu. Mtani ana haki ya kujibu, lakini yeye alipita na koleo lake.

Kumbe neno linalorudiwa kila siku hutoboa. Siku moja alikuja mteja wa kutoka Kilwa, mtu wa heshima, anataka kitanda cha harusi ya bintiye. Likwata alipofungua kinywa kuita, Bakary alimtangulia kwa sauti ya kike: "Karibuuu, Baba Moza!" Mteja akacheka. Likwata hakuita. Aliwasha. Fyuzi ikakatika papo hapo. Alikwenda kwenye bodi ya fyuzi, akasokota waya mnene mahali pa ule wa fyuzi, akarudi kufanya kazi kimya kimya mpaka alasiri, friji likinguruma na mashine ikivuma.

Mwanasha ndiye aliyeegemea ukuta wa jikoni akaruka. Ulikuwa na joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa, na rangi imevimba. Alizima swichi kubwa, akamfuata Romani mwenyewe.

Romani alifika, akagusa ukuta, akanusa mpira ulioungua. Likwata alisimama karibu, vumbi la mbao kwenye kope, hana mzaha.

"Nina deni la watu, fundi. Kitanda cha harusi."

Romani alikwenda kwenye bodi. Alichomoa kishikio cha fyuzi, akakitia mfukoni, akaenda zake. Alijua amemkatia mtu riziki, na mtu mwenyewe alikuwa ndiye pekee mjini aliyekuwa akimwita mtani.

Kesho yake asubuhi alisikia sauti mlangoni kwake. "Hodi."

Likwata alikuwa peke yake, amesimama nje ya kizingiti kama mtoto aliyetumwa.

"Nimepiga kwako pia, mtani," alisema. "Nipe kishikio changu. Sitatia waya mwingine."

"Watakucheka."

"Wacheke. Nyumba ikiungua, watachekea wapi?"

Romani alimpa. Alikwenda naye, akakata kipande kilichoungua karibu na swichi, akaunga upya. Kuanzia hapo Likwata aliita hodi kwa sauti iliyofika sokoni, na Bakary akachoka kabla yake.

Kilichomshinda hakikuwa Bakary. Biashara ya bidhaa za nje ilifunguliwa, na malori yalianza kushusha vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi za kung'aa. Vijana wakasema miguu ya kukereza ni ya wazee. Umeme wa mji nao ulikuja ukiwa dhaifu, unakatika katikati ya kazi. Likwata alikereza michi, kisha vishikio vya mapanga, kisha pia za kuchezea watoto. Vumbi lilikuwa limemwingia kifuani. Hodi yake ikawa ya chini, mpaka Mwanasha akawa anatoka mlangoni kuisikiliza.

Mwishowe Romani aliitwa akaondoe waya wa bandani. Mwanasha alitaka kuongeza barafu, na mashine ilikuwa imekaa msimu mzima chini ya gunia. Romani alifungua maungio aliyoyafunga mwenyewe, akaziba vizuri, akaurudisha umeme wote jikoni. Kisha alipita chumbani kuaga.

Likwata alikuwa amelala ubavu, amekonda, uso kwa dirisha la uani.

"Umeshakata?" aliuliza.

"Nimekata, mtani."

Lilikuwa neno ambalo Romani hakuwahi kumwita. Likwata aligeuza kichwa taratibu, akamtazama, na kile kicheko cha siku ya mkokoteni kikamjia machoni, lakini kifua hakikukiweza.

"Basi mwambie Mama Moza awashe friji lake," alisema. "Leo sipigi hodi."