Jiwe la Mama wa Nduku

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Utamaduni pale Kitui aliniangalia miguu kabla ya kuniangalia uso. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. "Hivyo peleka kanisani," akasema. "Hapa tunafuata watu mashambani." Nikanunua raba jioni hiyo hiyo, na tangu hapo hakuna ukoo niliotumwa kuufuatilia uliowahi kunishinda kwa sababu ya kuchoka. Nayasema bila haya, kwa sababu ninyi vijana mnadhani historia ya familia iko kwenye simu.

Alinituma kwanza Zombe, baadaye nikapelekwa Malili. Huko nilijifunza kutandaza ukoo, yaani kuchora kizazi kwa kizazi nani alimzaa nani. Sisi Wakamba hurudisha majina: mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake. Kwa hivyo huanzi na waliokufa. Unaanza na mtoto anayecheza uani, unauliza jina lake lilitoka kwa nani, halafu unapanda. Msimamizi wangu wa Malili, mama mkali kweli kweli, hakupokea kazi ya upande mmoja. "Na nyumba ya pili inasemaje?" alikuwa akiuliza. Kama nyumba ya pili haijasema vile vile, bila kujua umeambiwa nini kwingine, unarudi barabarani.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuandaa matembezi ya makaburi ya kale ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kitui. Watu walicheka. "Ati watalii wa makaburi? Kwani wafu wanauza nini?" Sokoni nikaitwa Mama Makaburi, nami nikaitika. Kila kaburi ambalo mgeni angesimama mbele yake lilitakiwa kuwa na hadithi yake, na wa kuitafuta ni mimi.

Basi akaja Nduku kutoka Kanyangi, ajuza aliyeshikwa mkono na binti yake. Alikuwa msichana mdogo sana mama yake alipougua, akabebwa na majirani kwa kitanda hadi hospitali ya misheni. Walirudi na kitanda kitupu. Siku hizo mambo ya maiti hayakuongelewa mbele ya watoto, kwa hivyo hakuambiwa kitu, na alipokua hakuna aliyependa kuyafufua. "Nataka tu kujua alilazwa wapi," akaniambia. "Nisiondoke kabla sijasimama hapo."

Mama yake aliitwa Kavata. Binti aliyemshika mkono alirithi jina hilo, na kwa sababu hiyo Nduku amemwita "mwaitu", yaani mama yangu, tangu akiwa mchanga. Ndivyo tunavyofanya kwetu, na binti huitika.

Nilimtafuta Kavata jiwe kwa jiwe. Jiwe lililofutika husomwa asubuhi, jua likiwa la upande. Saa sita herufi hujificha, labda uzipigie mwanga kwa kioo cha kujitazamia. Hakukuwa na Kavata yeyote. Wakati huo mwenyekiti wa kamati ya matembezi alikuwa ameshaamua njia ya saruji ipite juu ya safu ya mwisho, ambako mawe yalikuwa yamezama.

"Mafundi wanaingia Jumatatu," akasema. "Hao hawana wenyewe."

Wacha nikasirike! "Mwenyekiti, kila aliyelala hapa ana mwenyewe. Kama hajapatikana, basi kazi yangu haijaisha." Nikaenda Kanyangi.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, jirani wa zamani wa familia ile. Nikamuuliza kuhusu Kavata. Akatikisa kichwa. "Hapa hatukuwa na Kavata." Nikamweleza kwamba alikuwa mgonjwa, akabebwa kwa kitanda, akaacha msichana mdogo.

"Aaa! Mama wa Nduku!" akasema kwa sauti. "Si ungesema hivyo! Mimi mwenyewe nilishika mguu mmoja wa kile kitanda."

Kumbe! Mwanamke akishazaa, nani tena humwita jina lake? Huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Hao vijana waliombeba, pale hospitali wangemtaja kwa jina gani lingine?

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu yenyewe, nilipiga magoti kwenye safu ya mwisho, nikakwangua udongo, nikaelekeza kioo. Herufi zikatoka moja moja: MAMA WA NDUKU, KANYANGI. Mzee alikuwa amesema, na jiwe nalo likasema vile vile. Nikapiga kelele peke yangu makaburini, na sikujali nani alisikia. Mwenyekiti alikuja, akalisoma, akawageukia mafundi. "Pindisheni njia," akasema.

Wenzangu walistaafu na vyeti ukutani. Mimi nina njia iliyopinda, na naringa nayo. Nikipita pale na mgeni, humwonyesha mpindo kabla ya kumwonyesha kaburi.

Siku ya matembezi ya kwanza, ambayo pia ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini, Nduku aliletwa mbele ya wageni wote. Binti yake akamsomea jiwe. Ajuza akainama polepole.

"Mwaitu," akaita.

"Naam," akaitika Kavata nyuma yake, kama alivyozoea maisha yake yote, akasogea kumshika mkono.

Nduku hakugeuka. Aliweka kiganja juu ya jiwe.

"Leo si wewe," akasema.