Siku Bibi Alipopanda Boti ya Jirani

Juzi nilishuka kituo cha treni cha Tottenham Hale, nikaamua kupita kando ya mfereji. Boti bado zimejazana pale, nyingine zimefungwa mbilimbili. Harufu ya dizeli na moshi wa kuni ikanirudisha nyuma, rafiki yangu, hadi kiangazi kimoja nilipokuwa na miaka tisa.

Mama, ambaye alikuwa nesi, alikuwa amemleta bibi kutoka Tanga aje aishi nasi moja kwa moja. Bibi hakulalamika, ila alizidi kuwa kimya. Yeye aliniongelesha Kiswahili, mimi nikimjibu kwa Kiingereza. Basi jirani yetu wa zamani, mzee wa Kiingereza aliyehama ghorofa letu akaenda kuishi botini, akatualika tukatembee naye kutwa.

Boti ilikuwa ya chuma, nyembamba kama korido, na ilikwenda polepole hata watu wenye mbwa wakatupita kwa miguu. Bibi aliingia jikoni kukaanga bajia. Kila tulipopishana na boti nyingine, watu waligeuka kutafuta harufu ilikotoka.

Mchana tukafika loki, pale boti inapofungiwa katikati ya milango miwili mikubwa, maji yapunguzwe ili ishuke. Jirani na mama walipanda ukingoni kufungulia maji yatoke, mimi na bibi tukabaki ndani. Boti ikarudi nyuma kidogo, mkia wake ukakwama juu ya ukingo wa zege uliojificha chini ya maji. Sehemu ya mbele ikaendelea kushuka. Bakuli likateleza, kisha sufuria ya mafuta ikaanza kusogea. Bibi akazima gesi, akanivuta kwa mkono mmoja hadi mlangoni, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Fungeni maji! Fungeni!"

Mama akafunga. Jirani hakuelewa neno, lakini alimwona mama, naye akafunga. Wakakimbilia mlango wa nyuma, wakaingiza maji upya, boti ikainuka taratibu.

"Umeumia?" bibi aliniuliza.

"Sijaumia, Bibi. Nimeogopa tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu kwa Kiswahili.  Bibi alimpelekea jirani sahani ya bajia. "Mwambie ale kwanza," alimwagiza mama.

Tulipokuwa tunarudi, bibi akamwambia mama, "Mwanangu, mmenitunza vizuri. Lakini nataka kurudi nyumbani."

"Kwa sababu ya leo?"

"Hapana. Nilitaka siku nyingi. Leo ndiyo nimepata sauti ya kusema."

 "Haya, mama," mama yangu akasema.

Bibi aliondoka kabla ya baridi kuanza. Mama akaanza kuchukua zamu za Jumapili, nami nikazoea kupasha chakula moto peke yangu. Jirani alifariki, boti ikauzwa. Bibi naye alifia Tanga, kitandani kwake, kama alivyotaka. Siwezi kusema nina huzuni kubwa nikiyakumbuka hayo. Ila kwa miezi ile michache kulikuwa na mtu aliyesimama mlangoni kila siku, akinisubiri nitoke shule, na tangu hapo hajatokea mwingine.