Mkono Ulioshika Kifuniko

Bango lenyewe limetundikwa Kamwokya, karibu na mahali ninaposhuka kila asubuhi nikienda kazini. Linatangaza kozi ya likizo ya bioteknolojia na jenetiki kwa vijana, malazi na chakula humo humo. Kuna mheshimiwa mmoja anatabasamu, ameinama juu ya chupa ya jamu yenye majani mabichi ndani. Pembeni, upande wa kushoto, kuna mkono wa msichana umeshika kifuniko chekundu. Mkono umekatwa juu kidogo ya kifundo, mwenyewe hayumo.

Mkono huo ni wangu. Kovu lililo chini ya kidole gumba nililipata nikimenya mihogo, nikiwa na miaka tisa. Waliikata picha wakaniondoa mimi, wakauacha mkono, maana bila mkono kifuniko kingeonekana kinaelea hewani. Jumatatu nilipoliona nilisimama pale nikatukana kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwetu, mpaka muuza chapati akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Sisi ni watu wa mashariki ya Kongo. Mama alituleta Kampala nikiwa mdogo, tukapanga chumba Kansanga. Yeye ni mtu wa migomba. Kule kwetu aliacha migomba ya mama yake, na hapa hakutulia mpaka alipokodi kipande cha ardhi bondeni, upande wa Ggaba. Alikilima mwenyewe, akabeba mikungu mwenyewe, akapanga ndizi kwenye meza yake mbele ya nyumba tuliyopanga. Miaka kadhaa tulikula na kusoma kwa ndizi hizo.

Halafu ukaja mnyauko. Anayeujua ugonjwa huu anajua unavyotia hasira: majani yanalegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Mama alikata kila mgomba, akang'oa na visiki. Akaambiwa asipande ndizi mpaka udongo upumzike, na akipanda asichukue machipukizi kwa majirani, kwa sababu ugonjwa husafiri nayo. Inatakiwa miche safi kutoka maabara. Miche hiyo inauzwa, lakini si kwa mwanamke mwenye meza moja Kansanga. Mwenye ardhi naye akachoka kungoja. Akamwambia mama, ikifika Pasaka nisipokuta migomba hapa, namwachia mfyatua matofali.

Ndipo mwalimu wangu wa bayolojia aliponiletea fomu ya kozi. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, niko nyumbani kwenye likizo ndefu. Kozi ilikuwa ya wiki sita, na nafasi chache zilikuwa za bure kwa watoto wa wakimbizi. Kwenye fomu kulikuwa na sentensi moja niliyomsomea mama mara tatu, nikimtafsiria: kila mwanafunzi ataondoka na miche ya ndizi atakayoizalisha kwa mikono yake.

Mama aliacha kupanga ndizi. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuuza za wengine.

"Mugomba ndani ya chupa?" akasema. "Bale batu banakosa kazi ya kufanya?"

Lakini nilimwona anahesabu kimoyomoyo. Shamba lake lilikuwa linaingia migomba sitini hivi. Nikamwahidi sitini. Sikujua hata chupa yenyewe inafananaje, lakini nikamwahidi.

Sitasema uongo, niliipenda kozi ile. Wenzangu walikuja na masanduku ya magurudumu na vitafunio vya kutosha duka. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na waliponisikia nasema Kiswahili wakaanza kunipigia saluti na kuniita afande, maana Kampala Kiswahili bado watu wanakiona ni cha askari. Sikujali. Siku ya pili tuliponda ndizi mbivu kwa chumvi na sabuni ya vyombo, tukamimina spiriti baridi juu, na nyuzi za DNA ya ndizi zikapanda juu nyeupe nyeupe kama makamasi. Wenzangu walisema wanatapika. Mimi nilikaa nazitazama mpaka kengele ya chakula ikalia.

Aliyetufundisha kazi ya chupa alikuwa fundi wa maabara, mzee Mganda aliyewahi kuwa polisi. Huko polisi ndiko alikojifunza Kiswahili, na alifurahi kupata mtu wa kukitumia naye. Alinionyesha jinsi ya kuchemsha chupa kwenye jiko la presha, kupika ile jeli ya chakula cha miche, kuosha mikono mpaka kwenye viwiko. Halafu kuna kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Unaingiza mikono tu humo ndani, unachoma koleo kwenye moto, unakata fungu la machipukizi, unayasimamisha kwenye jeli, unafunga. Wakati wote huo huongei, hata pumzi unaibana.

"We mutoto," aliniambia siku ya kwanza, "hii kifuniko nafungura pale kwa kabati tu. Kama mutu nasema fungura hapa inje, wewe kataa. Hata kama ni mimi."

Hata kama ni yeye. Nililiandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Wiki ya kwanza haikuisha vizuri kwa wenzangu. Walikuwa wanacheka juu ya chupa wazi na kusimuliana habari za wavulana, na chupa zao zikaota ukungu mweupe kama pamba, nyingine mweusi. Zikatupwa. Wakakata tena, zikaota tena. Wao haikuwaumiza, mche kwao ulikuwa kumbukumbu ya kuweka sebuleni. Mimi nilikuwa na chupa nane, kila moja ina machipukizi manane, na hakuna hata moja iliyoota kitu. Nilizitembelea asubuhi na jioni. Fundi alizihamishia rafu yake mwenyewe, karibu na taa nzuri, akawa anawaita wenzangu waje waone chupa za afande. Sasa jina lilikuwa na heshima kidogo.

Wiki ya nne mkurugenzi wa kozi alitutangazia kwamba mgeni rasmi ana safari, kwa hiyo sherehe ya kufunga itakuwa Ijumaa hiyo hiyo, na kesho yake tunarudi makwetu. Wiki sita zikawa nne, hivi hivi, wala hakuna aliyeuliza. Mimi nilikimbia kwa fundi. Miche yangu ilikuwa na majani tu, mizizi ndiyo kwanza inachomoza, vidoti vyeupe. Akanituliza. Chupa ikibaki imefungwa, akasema, hata nyumbani inakaa dirishani bila shida. Wiki mbili au tatu mizizi itakuwa tayari, ndipo utafungua na kupanda. Cha muhimu isifunguliwe.

Ijumaa ukumbi ulipambwa. Mkurugenzi, ambaye sote tulimwita Madamu, alipita maabara kuchagua chupa za kuweka kwenye meza ya mgeni. Za wenzangu zilikuwa na ukungu. Akachukua zangu zote nane. Usafi wangu ndio uliozipeleka pale, na hilo linaniudhi mpaka leo: ningekuwa mzembe kama wengine, angalau zingebaki rafuni hata moja au mbili.

Zikapangwa kwenye kitambaa cheupe, chini ya feni. Nikaambiwa nisimame nyuma yake. Mgeni akafika, tukapiga makofi, wakala sambusa. Halafu mpiga picha akaanza kulalamika. Vioo vina jasho kwa ndani, majani hayaonekani. Na vile vifuniko vya jamu, vyekundu, vimepauka, vinaonekana vya kimaskini.

"Vifuniko vitolewe," Madamu akasema.

Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba chupa hazifunguliwi nje ya kabati, zitaharibika. Akacheka, akamgeukia mgeni, akasema huyu ndiye bingwa wetu wa usafi. Kisha akaninong'oneza huku anatabasamu kwa ajili ya picha, "Fungua, mwanangu. Dakika moja tu."

Nilimtazama fundi. Alikuwa amesimama ukutani, hatua tano kutoka kwangu, amevaa viatu alivyovipiga rangi kwa ajili ya siku ile. Akavitazama viatu vyake. Mzee aliyenifundisha kukataa alivitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona, na mpaka leo sijamsamehe, ingawa najua kibarua chake kilikuwa mkononi mwa Madamu.

"Mheshimiwa amekuja kuona kazi yako," Madamu akaongeza, sasa kwa sauti ya kusikika.

Kazi yangu. Katika nchi hii hakuna aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba mimi nina kazi. Ukumbi mzima ulinigeukia, na wale wa kunipigia saluti pia. Nikafungua. Chupa ya kwanza niliifungua polepole. Saba zilizobaki nilizifungua haraka, kama mtu anayefungulia wageni soda.

Mgeni aliinua moja, akainusa. Akaingiza kidole, kidole kile kile cha sambusa, akaibonyeza jeli. "Kumbe inalala kwenye jeli!" akasema, na watu wakacheka sana, maana mgeni rasmi akisema lolote watu hucheka. Picha ikapigwa. Halafu akatoa hotuba kuhusu sayansi na mustakabali wa vijana, hotuba ndefu, na muda wote huo chupa zangu ziko wazi chini ya feni inayopeperusha vumbi la ukumbi mzima. Dakika moja yake Madamu. Kwenye kuaga aliniita bingwa tena.

Nilizifunga mwenyewe na kwenda nazo nyumbani katika boksi, nikiwa nimelipakata juu ya boda kama mtoto mchanga. Sikumwambia mama kitu. Nikazipanga dirishani, akavuta kiti akakaa kuzitazama. Alihesabu machipukizi, akafika sitini na nne, akapiga kigelegele kidogo cha chini chini, cha kwake mwenyewe.

Siku ya pili niliona kitu cheupe. Kilianzia pale pale kwenye shimo la kidole: alama ya kidole cha mheshimiwa ilikuwa imeota manyoya. Siku ya tatu chupa zote nane zilikuwa zimeota. Niliyatoa machipukizi nikayaosha kwa maji yaliyochemshwa, nikayasimamisha kwenye mchanga, nikayafunika mifuko ya plastiki. Hayakuwa na mizizi ya kuyashika. Yalibadilika rangi ya kahawia kuanzia chini, yakaoza yote, na chumba kikanuka.

Ndipo nikamweleza mama. Niliwatukana wote. Nilimtukana Madamu, nikamtukana mgeni na kidole chake, nikamtukana mpiga picha, fundi na viatu vyake. Mama alisikiliza mpaka nilipochoka.

"Sawa," akasema. "Na mukono ya kufungua, ilikuwa ya nani?"

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wao wote. Siku tatu sikusema naye. Yeye hakuuliza tena, na Pasaka ilipofika alienda bondeni kuchukua jembe lake alilokuwa ameliacha kwenye kibanda. Siku hizi pale ni shimo la maji ya kijani. Udongo wake umekuwa kuta za nyumba za watu.

Mimi nafanya kazi katika maabara ya kupima damu, Kamwokya huko huko, na nina sifa ya ukali. Mtu akigusa kitu changu bila glavu anasikia maneno. Wenzangu wanadhani nilizaliwa hivi.

Jumatatu hiyo, nilipomaliza kutukana, nilipiga picha lile bango kwa simu. Jioni nikampelekea mama pale mezani kwake. Aliipanua kwa vidole viwili, kama nilivyomfundisha, mpaka akalifikia kovu. Aliutambua mkono kabla sijasema lolote. Nilitegemea atawatukana hatimaye, atukane kwa niaba yangu, kwani niliona amekasirika, midomo ameibana.

"Balikata sura," akasema. Kisha akaniangalia. "Sura yako ilikuwa aje, siku ile?"

Miaka yote nimeisimulia habari hii kwa watu wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Ningeweza kumwambia nilikuwa ninalia. Angeniamini, au angejifanya ananiamini.

"Nilikuwa ninacheka, mama," nikamwambia. "Nilikuwa ninacheka sana."

Akanirudishia simu, akaendelea kupanga ndizi za watu.