Mke wa Nyaguthii

Nyaguthii alioa mwaka wa themanini, akiwa na miaka hamsini na mbili au tatu. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Mimi nilikuwepo. Ndimi niliyepika chai ya siku hiyo, sufuria mbili kubwa, nikaketi karibu na mlango nikiwatazama wazee wakila nyama.

Tulikuwa majirani pale Munyaka, katikati yetu ua wa michongoma tu. Mimi Kageha ni mtu wa Maragoli, na mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha nguo. Nyaguthii alikuja Eldoret kutoka Nyeri na mumewe, Githinji, wakati wazungu walipokuwa wakiuza mashamba na watu wakichanga pesa kununua kwa hisa. Walipata ekari tano. Walilima mahindi, wakafuga ng'ombe wawili wa maziwa, wa gredi, wakajenga nyumba ya mabati. Mtoto hawakupata. Githinji hakumfukuza kwa sababu hiyo, wala hakuongeza mke. Mwaka wa sabini na tisa akashikwa na homa ya mapafu, na baada ya wiki moja hakuwepo.

Kaburi lilikuwa halijaota nyasi wakati Ndungu, nduguye marehemu, alipofika kutoka Nyeri. Akalizunguka shamba kwa miguu, akipima kwa macho.

"Shemeji, hatutakufukuza," alimwambia. "Lakini shamba la mtu asiye na mtoto ni la ndugu zake. Unajua hivyo."

Jioni hiyo Nyaguthii alikuja uani akaniita. Hakuwa akilia. "Nitaoa," akasema.

"Utaolewa," nikamsahihisha, nikidhani Kiswahili kimemponyoka.

"Nitaoa, Kageha. Nitamtafutia Githinji mke."

Ndipo akanieleza. Kwao, tangu zamani, mjane asiye na mtoto angeweza kupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana na kumwoa kwa jina la marehemu. Watoto ambao msichana huyo atazaa wanakuwa wa marehemu, na hakuna anayeuliza mbegu ilitoka wapi. Sikuwa nimesikia jambo kama hilo, na nilimwambia hivyo. Akacheka akasema hata kwao siku hizi wengi wanajifanya hawajasikia.

Msichana alimpata katika hoteli ndogo karibu na lango la kiwanda. Aliitwa Virginia Waceke, miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, na aliyempa mtoto huyo alikuwa amehamia Nairobi bila kuaga. Kwa miezi mitatu Nyaguthii alienda pale kila Alhamisi baada ya kupeleka maziwa. Aliagiza chai na mandazi, akanywa chai, mandazi akamwachia Waceke. Alimfumia mtoto, Mwihaki, sweta ya manjano.

"Nilidhani ananichumbia kwa niaba ya kijana wake," Waceke aliniambia baadaye. "Aliponiambia ni yeye mwenyewe, nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nikamuuliza, sasa nitalala na nani? Akasema hilo ni shauri langu. Akasema atanipa nyumba, na shamba la kulima, na hakuna mtu atakayenipiga."

Kisha akaongeza, "Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali."

Baba yake, Zachariah, mkulima wa kijiji cha Ziwa, hakupinga. Msichana aliyezalia nyumbani alikuwa mzigo kwake. Alisema hata nyanya yake aliolewa hivyo hivyo, na akawapokea mbuzi mmoja mmoja, akiwashika migongo. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa, Lazarus, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba Nyaguthii na Waceke wametengwa na meza ya Bwana. Nyaguthii, ambaye alikuwa amefagia kanisa hilo kwa miaka kumi na miwili, alitoka nje kabla ya wimbo kwisha.

Lakini nyumba yake ilijaa. Mwaka wa themanini na mbili alizaliwa kijana, akapewa jina la baba wa marehemu Githinji, Ndegwa, kama ilivyo desturi yao. Kwa hiyo kwa Nyaguthii mtoto huyo alikuwa baba mkwe wake. Alimwita "Baba" na hakumchapa hata siku moja. Ndegwa akivunja sahani, Nyaguthii aliokota vipande akamwomba radhi. Waceke alichoka kumkataza. Wanaume wa mtaani walimtania Nyaguthii wakamwita Baba Mwihaki, nao walipomwita aliitika, "Naam," bila kutabasamu, akaendelea na safari yake. Ndungu alikuja mara moja, akamwona Ndegwa akikimbiza kuku, akanywa uji akarudi Nyeri.

Hiyo ilikuwa miaka saba. Sitasema ilikuwa ya raha tupu, kwa maana Waceke alikuwa kijana, na mtu wa kuongea naye jioni alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake. Lakini sikuwahi kusikia mlango ukipigwa teke katika nyumba ile. Katika nyumba yangu nilisikia.

Kilichoanza kuivunja nyumba ya Nyaguthii ni karatasi. Mwihaki alipoingia darasa la pili alipewa fomu ya kujaza nyumbani, na palikuwa na mstari wa jina la baba. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: Nyaguthii. Mwalimu alisoma kwa sauti, darasa likacheka, na tangu hapo watoto wakamwita binti wa shosho, yaani wa nyanya. Alirudi akamuuliza mama yake, "Baba yangu ni nani?" Waceke akamwonyesha kaburi la Githinji. Mwihaki akahesabu kwa vidole tangu kifo hicho mpaka siku yake ya kuzaliwa, na hesabu ikakataa. Alikuwa mwepesi wa hesabu.

Mwaka huo Waceke akaokoka katika mkutano wa injili mjini. Huko alikutana na Paul Wasike, seremala kutoka Bungoma, mtu mpole, anayefunga kifungo cha juu cha shati. Wasike hakutaka kujificha. Alikuja kwa Nyaguthii mchana, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kwa heshima. Nataka kumwoa Virginia kanisani."

"Usiniite mama kana kwamba mimi ni mkwe wako," Nyaguthii akamjibu. "Mimi ndiye mwenye mke."

Waceke alikuwa mlangoni. Nami nilikuwa nimeleta ungo wa kuazima, sikujua nitazame wapi.

"Nilikukosea nini?" Nyaguthii alimuuliza.

"Hujanikosea. Nimechoka kuwa mke wa mtu ambaye sikumwona. Nataka cheti, Maitu, mama yangu. Nataka watoto waandike jina na mtu asicheke."

Nyaguthii akaenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza vizuri, kisha akamuuliza cheti cha ndoa kiko wapi. Akajibu kwamba kulikuwa na mbuzi na wazee. Lakini wawili kati ya wazee hao walikuwa wamekufa, na Zachariah, ambaye sasa naye alikuwa mzee wa kanisa kule Ziwa, akaja akasema mbuzi wale walikuwa zawadi tu, kwa sababu ya ujirani mwema.

Chifu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, inasemekana ulikuwepo."

Mume wangu alikuwa amenionya asubuhi nisijiingize katika mambo ya Wakikuyu. Nikasema nilikuwa jikoni. Nikasema waliongea kwa lugha yao na sikuelewa.

Nyaguthii hakunitazama. Tulitembea hadi nyumbani pamoja, naye akanifungulia lango langu kama alivyozoea.

Siku chache baadaye Zachariah aliamua kuyamaliza. Alileta mbuzi, idadi ile ile, akawafunga kwenye nguzo za lango la Nyaguthii na kuondoka. Kwa mila yao, mbuzi wakirudi na ukiwapokea, ndoa imekwisha, na watoto si wako tena. Nyaguthii aliwafungua akawafukuza barabarani kwa fimbo. Walirudi. Akawafukuza tena mpaka karibu na mtaa wa Kapsoya, mwanamke wa miaka sitini akikimbia na khanga imemdondoka kichwani, watu wakisimama kutazama. Jioni mbuzi walikuwa katika kabichi zake. Mwishowe walipotea mmoja mmoja, na watu wakasema amewapokea.

Harusi ilikuwa Desemba ya themanini na nane. Waceke alivaa gauni jeupe la kukodisha. Watoto walihamia kwa Wasike katika nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa mji, na huko walibatizwa upya. Ndegwa alirudi mara moja kuchukua mpira wake.

"Baba, umekula?" Nyaguthii alimuuliza.

"Siku hizi naitwa Emmanuel," mtoto akasema. Si kwa ubaya. Alikuwa anamjulisha tu.

Mwaka uliofuata Ndungu akaja na wanawe wawili na kamba ya kupimia. Walimwachia Nyaguthii nyumba na kipande cha sukuma wiki nyuma yake. Ng'ombe walimshinda kuwalisha, wakauzwa.

Kilichomwogopesha zaidi ni maziko yake. Aliniambia anaota amefungwa kwenye blanketi na hakuna mtu wa kuimba. Basi akaenda kwa Lazarus kuomba arudishwe kanisani. Lazarus akakubali, kwa sharti kwamba atubu mbele ya watu na kuikana wazi ndoa ile.

Nilimsindikiza, ingawa si kanisa letu. Alisimama mbele, mikono imeshika mkoba. Lazarus akamuuliza kama aliwahi kuwa na mke.

"Hapana," Nyaguthii akasema. "Sikuwahi kuoa. Wale hawakuwa watoto wa Githinji."

Watu wakapiga makofi, mama mmoja akaanzisha wimbo. Nyaguthii akatafuta nafasi, akaipata benchi ya nyuma, kati ya wanawake wawili waliosogea kumpisha. Mmoja wao alimpa kitabu cha nyimbo kikiwa kimefunguliwa. Hakuimba. Alikishika hivyo hivyo mpaka ibada ikaisha.