Nilimuua Inspekta Mbele ya Mama Zaitun

Kosa ni langu. Naanzia hapo, maana nimechoka kusikia wenzangu wakisema ni hasira za ujana. Mimi ndiye niliyemvunja taya rafiki yangu Abdu, na chanzo ni tamthilia ya polisi! Ndiyo, cheka. Hata mimi ningecheka.

Abdu alikuwa na kibanda cha video hapa mtaani kwetu, Bwaise. Kila Jumamosi mchana alionyesha sehemu mbili za tamthilia ya zamani ya upelelezi, akishika maikrofoni na kuyatafsiri maneno yake kwa Kiswahili cha kwao, Wanubi wa mjini, kilichochanganyika na Kiganda na utani. Watu hawakuja kwa ajili ya picha. Walikuja kusikia sauti yake.

Mimi nina digrii, sina kazi, na nina ugonjwa wa kuhoji kila kitu. Nikagundua kwamba Abdu anavuruga mpangilio. Leo Inspekta ana kovu shavuni, Jumamosi ijayo ndipo anachomwa kisu! Kisha zinakuja sehemu ambazo Inspekta hayumo kabisa, msaidizi wake ndiye anayeongoza kesi, na Abdu anatangaza bila aibu: "Inspekta yuko likizo, banange, jamaa zangu. Ameenda Mbarara kununua ng'ombe!"

Kibanda kizima kinaangua kicheko. Mimi nachemka. Mbarara gani? Inspekta alikuwa amekufa! Niliipata tamthilia yote mtandaoni: katika sehemu ya kumi na nne anapigwa risasi mlangoni kwake, na Abdu alikuwa ameiondoa hiyo.

Nikaandika orodha, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, nikampelekea.

"Huu ndio mpangilio sahihi."

Akaikunja, akaitia mfukoni. "Profesa, hapa si chuo. Keti, tazama."

"Unawadanganya watu, Abdu."

"Nani amelalamika? Ni wewe tu. Umekula lakini?"

Watu wakacheka, na kuanzia siku hiyo nikawa Profesa. Hata muuza chapati! Nikaapa kwamba nitawaonyesha.

Jumamosi iliyofuata, sehemu ya kwanza ya siku hiyo ilipokwisha, Abdu akatoka kwenda kuswali alasiri kama kawaida yake. Nikachomoa flashi yake, nikachomeka yangu. Ya kumi na nne. Nikashika maikrofoni. "Leo mtaona ukweli!"

Benchi la mbele alikaa Mama Zaitun, mama yake Abdu, na kikapu chake cha karanga. Hakukosa hata Jumamosi moja. Alizoea kumsemesha Inspekta kana kwamba yuko jikoni kwake: "Kula kwanza, wewe! Funga mlango!"

Inspekta akafika nyumbani, amevaa sare. Akabisha hodi. Mkewe akafungua, mwiko mkononi. Na mimi, mjinga mimi, nikatangaza kila risasi: "Moja, ya kifua! Mbili! Tatu, hiyo hapo damu!" Niliipenda sauti yangu!

Mama Zaitun akainuka. Akapiga ukelele mmoja, akairukia televisheni, akaipiga kwa viganja mpaka kioo kikapasuka na mikono yake ikachuruzika damu. "Mwacheni! Watoto wako ndani! Mwacheni!"

Abdu akaingia mbio, kofia ya swala bado kichwani. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akaninyang'anya maikrofoni, akanipiga nayo mdomoni, meno yangu mawili yakaanguka sakafuni.

Nilipoonja damu yangu, nilimwona tu yule aliyeniita Profesa. Nikang'oa ubao wa benchi, nikamtandika usoni. Taya lililia kama muwa unaovunjwa gotini. Akaanguka.

Nikampiga tena. Alikuwa chini tayari, nami nikampiga tena!

"Ssebo, bwana wee, unaua mtu!" Walinivuta wanaume wanne.

Siku ya tatu nilikwenda hospitalini, mdomo umenivimba. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya. Unajua nilisema nini? Sikusema samahani. Niliuliza: "Kwa nini hukuniambia?" Hata pale nilikuwa nahoji!

Akatoa karatasi, ile ile orodha yangu, akaandika nyuma yake polepole: "Baba alikuwa polisi. Walimuua mlangoni. Mama ndiye aliyemfungulia." Akapumzika, akaongeza: "Nilitaka apate polisi mmoja anayerudi nyumbani."



Kutoka hapo nikaenda kumpigia magoti Mama Zaitun. Alikuwa ameketi mlangoni, viganja vimefungwa bandeji, karanga zimelala mbele yake bila kumenywa. Hakunifukuza. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umeniletea sehemu nyingine?"

Sasa waya zimetolewa. Taya la Abdu limekaa upande, maneno yanamtoka kama mtu anayetafuna kokoto. Kibanda kimefungwa. Mabenchi yalichukuliwa na mafuriko ya mvua zilizopita, na hakuna aliyejisumbua kuyafuata. Tukikutana njiani Abdu huinua mkono kunisalimu, na heri angenipiga!

Mpangilio wangu ulikuwa sahihi. Mpaka leo naweza kukuthibitishia kwa lile kovu la shavuni. Umenisaidia nini?

Wewe unayejua kila kitu kinavyopaswa kufuatana, kabla hujamsahihisha mtu, tazama nani amekaa benchi la mbele. Na ukiambiwa Inspekta yuko Mbarara, uliza amenunua ng'ombe wangapi, kisha unyamaze.