Walitaka Dhambi, Nami Sikuwa Nayo

Nilipoacha kanisa lililonilea, nilijiandaa kwa mambo mengi. Nilijiandaa kulaaniwa, kutengwa, kusemwa sokoni. Sikujiandaa kuulizwa swali moja na kila mtu, kwa upole ule ule, kama daktari anayemwuliza mtoto ni wapi panauma: "Kwani ulifanya nini?"

Sikuwa nimefanya kitu. Hapo ndipo shida yote ilipoanzia.

Tulijiita Ushirika. Hatukuwa wengi, familia tu za wakulima wa upande wa Bahati, nje ya Nakuru, na tuliabudu katika jengo la mabati lililozungukwa na mahindi, kiasi kwamba miezi ya mvua ungeona paa peke yake likielea juu ya majani. Wanawake walifunga vitambaa vyeupe hadi masikioni. Suruali sisi wanawake hatukuvaa, televisheni hatukuwa nayo, na hadithi za kubuni tulifundishwa ni uongo ambao mtu ameketi chini akaupanga kwa makusudi, kwa hiyo ni mbaya kuliko uongo wa kawaida unaomponyoka mtu.

Mzee aliyeuanzisha Ushirika alikuwa mkulima wa mahindi, na mafundisho yake yote yalitoka shambani. Kubwa kuliko yote lilikuwa fundisho la kuanika. Dhambi, alisema, ni kama mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu. Ukiyafungia kwenye gunia yanaota kuvu, na kuvu hiyo inaua watu. Dawa ni moja tu, kuyatandaza juani kila mtu ayaone. Basi kila Jumapili tulijianika. Mtu alisimama, akataja alichokosa wiki ile, tukamwimbia, akaketi akiwa mkavu. Asiyejianika aliitwa mbichi.

Siwezi kusema yote yalikuwa mabaya. Nimewaona wanaume wazima, wenye mikono migumu kama jembe, wakilia kwa sababu ya neno moja kali walilomwambia jirani juu ya ng'ombe aliyevuka ua. Nilikulia kati ya watu waliochukulia maneno kwa uzito kuliko watu wowote niliokutana nao baadaye, hata hao wanaojiita waandishi. Ila siku moja, nikiwa nimekaa kwenye benchi letu, dada mmoja akijianika juu ya mikono mifupi ya blauzi yake, niligundua kwamba imani imekwisha ndani yangu. Hakuna aliyeniudhi. Sikuwa na hasira wala huzuni. Nilikaa mpaka mwisho wa ibada nikiisubiri irudi, kama unavyosubiri stima iliyokatika. Nilisubiri mwaka mzima na zaidi. Kisha nikapata kazi katika duka la vitabu mjini Nakuru, nikapanga chumba mtaa wa Section 58, na nikaacha kwenda.

Nilidhani kutoka ni kutoka. Unafungua mlango, unapita. Lakini Ushirika haukuwa na neno la mtu aliyetoka. Ulikuwa na mkavu na mbichi, basi. Mimi nilikuwa mbichi, na kwa kuwa gunia moja bichi hupitisha kuvu kwa mengine, nyumba yenye mtu mbichi hairuhusiwi kupika chakula cha wote.

Nyumba yetu ilikuwa mama na mimi. Na mama ndiye aliyekuwa mpishi wa chai ya Ushirika.

Lazima nieleze chai hiyo, la sivyo utaona ni jambo dogo. Baba alipofariki nikiwa mtoto, mama hakuwa na kitu cha kuwapa watu waliomlimia, waliomjengea jiko, waliomletea kuni. Akawapa chai. Kila Jumapili aliamka kabla ya wote, akawasha moto nyuma ya kanisa, akachemsha maziwa kwanza mpaka yakapanda mara ya pili, ndipo akatia majani, ndipo tangawizi aliyoiponda mwenyewe. Watu walitembea kutoka mbali wakiizungumzia. Pale kwenye moto ule alikuwa mtu, si mjane wa kuhurumiwa. Sasa aliambiwa akae kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka binti yake ajianike.

Alikuja kuniona Section 58 akiwa na mfuko wa viazi, akaketi kitandani kwa sababu sikuwa na kiti, akaanza.

"Ni kijana?"

"Si kijana, mama."

"Ni bwana ya watu?"

"Mama!"

"Mimi nauliza tu, mami. Ukiwa na mimba sema. Hiyo wanaanika mbio, hata wanakuletea blanketi."

"Sina mimba."

"Basi ni pombe."

"Pombe siipendi, inaniuma kichwa."

"Umejuaje inauma kichwa kama hujaonja?"

Akapiga paja lake kwa furaha. "Si hiyo hapo! Anika hiyo!"

"Ilikuwa harusi ya mtu wa kazini, nikaonja, nikaacha. Sikutoka Ushirika kwa sababu ya glasi moja."

"Nani amekuuliza sababu? Mimi nakuuliza dhambi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa sikuweza kuchagua, nilianza kumenya viazi. Nilimwuliza nani anapika siku hizi. Akamtaja dada mmoja wa ng'ambo ya mto, na uso wake ukajikunja.

"Anatia majani kama maziwa bado ni baridi. Watu wanakunywa maji ya kuoshea vyombo halafu wanasema asante Yesu."

Alisema kwa mzaha, lakini mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Sikuwa nimewahi kuona mikono ya mama ikiwa imelala mchana.

Simu za Ushirika zikaanza. Zilinikuta nikichagua nyanya, nikipanga vitabu, nikiwa bafuni. "Dada, Bwana asifiwe. Bado uko mbichi?" Niliwajibu kwa heshima. Nikasema niko salama, nimeamua tu. "Sawa dada, umeamua. Na kabla ya kuamua, kulitokea nini?" Kaka mmoja, mtu mwema aliyenifundisha kupanda baiskeli, alinieleza kwa subira kwamba mtu haamui tu. Hata mahindi hayaozi tu, lazima kuna mahali maji yaliingilia. Nilimwuliza je, kama hayajaoza, kama yamekuwa kitu kingine? Akasema ataniombea.

Wakaniombea kweli. Mama alinipigia kuniarifu kwamba ndugu wamepanda mlima Menengai kufunga kwa ajili yangu. Nilikuwa nikianika nguo juu ya paa, na ukingo wa mlima ulikuwa mbele yangu, umefunikwa na ukungu mzito wa asubuhi. Watu wenye umri wa kuwa babu zangu walikuwa kule juu, katika baridi ile, bila hata uji, wakimwomba Mungu anifunulie dhambi. Nilishikwa na hasira kiasi cha kutaka kupanda nikiwa na chupa ya chai na mikate, niwamiminie kwa nguvu.

Nao marafiki zangu wapya hawakunisaidia. Tulikuwa kikundi cha vijana wanaosoma na kuandika, tuliokutana mjini kusomeana kazi zetu na kubishana mpaka wenye mkahawa watuchoke. Nilipowaambia nimetoka katika kanisa kali, waliinama mbele wote, macho yakiwaka.

"Wacha! Walikuchapa?" mmoja akauliza.

"Hapana."

"Yule mzee wao alikushikashika?"

"Hapana, ni mtu wa heshima sana."

"Sasa ulitoka juu ya nini?"

"Niliacha kuamini."

Akarudi nyuma kwenye kiti. "Aah. Lakini siz, hiyo haina stori."

Huku nako! Kule walitaka dhambi yangu, huku walitaka dhambi ya Ushirika, na pande zote mbili hakuna aliyeweza kukubali kwamba msichana wa Bahati anaweza kukaa chini, akafikiri, akasimama akaenda zake. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiongea peke yangu barabarani.

Jambo lilikuwa moja tu, na lilikuwa mikono ya mama. Nikampigia.

"Nikija nikasema ukweli wote mbele yao, watakurudishia chai?"

"Ukijianika, ndiyo."

"Sitajianika, mama. Nitasema ukweli tu."

"Basi sema polepole. Na uvae rinda."

Jumapili ile nilivaa rinda. Kitambaa sikufunga. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka aliniangalia kichwani, akaangalia jengo, akasema, "Siz, kwani leo ni wewe wanaanika?" Jina letu lilikuwa limefika hadi steji ya bodaboda.

Mama alikuwa kwenye benchi la mlangoni. Niliketi karibu naye mpaka mzee akauliza nani ana neno. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, nikiyang'oa yote yanayoweza kushikwa vibaya.

"Sikuiba," nikasema. "Sikuzini. Sina ubaya na mtu yeyote hapa, na hakuna aliyenikosea. Niliacha kuja kwa sababu siamini tena. Nilifikiri kwa muda mrefu, nikaona hivyo, nikatoka. Sijutii na sitarudi. Mama yangu hana kosa lolote. Msimweke nyuma kwa ajili yangu."

Mabati yalikuwa yakialika kwa jua. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kama alivyosikiliza kila mtu siku zote, na kwa muda mfupi nilimpenda kama zamani.

"Endelea, dada," akasema.

"Nimemaliza."

"Ulifikiri mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Hukuuliza mtu? Hata mama?"

"Sikuuliza mtu."

"Na ulipomaliza kufikiri, ukaona sisi wote tumekosea na wewe umepata."

"Sikusema mmekosea, mzee. Nilisema mimi siamini..."

"Kiburi!" akasema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta miwani na ghafla akaiona. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Ndugu zangu, dada ameanika kiburi!"

"Asifiwe!" jengo zima likajibu.

"Hapana, ngojeni," nikasema. "Sijaanika kitu. Nimesema sitarudi."

Lakini wimbo ulikuwa umeshaanza, na watu walikuwa wakisimama, na kabla sijamaliza sentensi nilikuwa ndani ya mikono ya watu. Walinukia sabuni ya kipande na moshi. Yule kaka wa baiskeli alikuwa akilia waziwazi.

"Ndugu, nisikilize," nikamwambia. "Mimi bado siamini."

"Ni sawa, dada. Kiburi kikitoka huwa kinapiga kelele kidogo mlangoni."

Ungefanya nini na watu kama hao? Kila neno nililotamka lilikuwa tayari lina mahali pake katika ghala lao. Nikisema ndiyo, nimetubu. Nikisema hapana, ni kiburi kinatoka. Nikinyamaza, nimeguswa. Nilimtafuta mama kwa macho juu ya mabega yao. Benchi la mlangoni lilikuwa tupu.

Nilimkuta nyuma ya kanisa. Alikuwa ameshafunga leso kiunoni, na yule dada wa ng'ambo ya mto amesimama kando akipangusa mikono, wala hakuonekana kuwa na kinyongo. Mama alionja chai iliyokuwa motoni, akafumba macho kwa uchungu, akaimwaga yote kwenye nyasi. Kisha akamimina maziwa upya.

"Hawakusikia hata neno moja," nikamwambia. "Nimesema sirudi, wakaimba. Nimesema siamini, wakanikumbatia. Sasa wanadhani nimeokoka tena! Narudi ndani niwaeleze vizuri."

"Ukirudi ndani," mama akasema bila kugeuka, "nitakuchapa na huu upawa mbele ya malaika."

"Lakini ni uongo, mama."

"Wewe umesema uongo?"

"Hapana."

"Mimi nimesema?"

"Hapana."

"Basi wacha watu waimbe."

Alipuliza moto. Moshi ukampanda usoni, akakaa akiutazama ule moto kwa macho yaliyojaa maji, mikono yake ikikoroga, ikiongeza kuni, ikifuta ukingo wa sufuria, ikifanya mambo mengi kwa wakati mmoja.

"Na wewe?" nikamwuliza. "Wewe ulisikia nini?"

Maziwa yalipanda. Akayashusha kwa upawa, akayaacha yapande tena.

"Nilisikia sirudi," akasema. "Ulilisema polepole, kama nilivyokuambia."

Ndani walikuwa wamefika ubeti wa mwisho, na nilijua baada ya hapo mzee angenitafuta, akiwa na kitambaa kipya cheupe mkononi. Nilisimama pale kati ya mlango na moto. Kila kitu ndani yangu kilitaka kurudi kuwanyoosha, wote, mmoja mmoja, mpaka aelewe wa mwisho. Mama akatia majani.

"Usipite barabarani, watakushika," akasema. "Pitia kwa mahindi. Jumanne nakuja kwako. Uwe na maziwa, si yale ya pakiti."